Kiti cha Zamani, Mshono wa Suti: Jinsi ya Kushona Mito ya Kochi la Mbao Isiyokunjamana

Kochi ni la mninga, la miaka mingi. Mikono imepinda vizuri, miguu imechongwa, mbao bado nzima. Mwenyewe ananunua kitambaa cha bei, anashona mito mipya, na baada ya wiki mbili mito imelegea kama gunia lililojaa nusu. Paipini, ule mkanda wenye kamba ndani unaozunguka ukingo wa mto, inakwenda kama nyoka. Kiti kinaonekana kimechoka kuliko kabla hakijaguswa.

Lawama huangukia kitambaa au cherehani. Karibu kila mara kosa ni la kipimo: alipima mto wa zamani, ambao umeshabonyea na kutanuka kwa kukaliwa, akaacha kupima fremu. Mto mpya ukakatwa kwa sura ya mto mchovu.

Mtindo tunaoufuata hapa ni mwepesi kuueleza. Fremu inabaki ya zamani, na mito inashonwa kama koti la suti: pembe safi, ubavu ulionyooka, mstari mmoja wa paipini, bila marinda wala mapambo ya ziada. Michongo ya mbao ndiyo inayozungumza, mito inanyamaza. Vyote viwili vikipiga kelele, sebule inageuka ukumbi wa harusi.

Mfano wetu ni kiti cha mtu mmoja chenye mto wa kukalia na mto wa mgongo. Kochi la watu watatu hufuata hatua hizi hizi, ila mito ni mingi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kwa ajili ya mbao

- Msasa namba 120, 180 na 240
- Gundi nyeupe ya mbao
- Vanishi ya mng'ao wa wastani, tina yake, na brashi ya inchi 2
- Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande virefu, kwa kukazia viungo
- Barakoa, maana vumbi la mninga linawasha pua na kifua

Kwa ajili ya mito

- Sponji ya inchi 4, ngumu kwa kukalia na laini zaidi kwa mgongo
- Pamba bandia ya shuka, ile nyeupe inayouzwa kwa mita kama kitambaa
- Kitambaa mita 2.5, upana sentimita 140. Mahameli au kitambaa chenye mistari, mita 3
- Kamba laini ya pamba ya milimita 5, mita 10
- Zipu ya kukata kwa mita, namba 5, mita 1.6, na vichwa 2 vya kuburutia
- Uzi wa poliesta wa nguo nzito (uzi wa pamba wa mashati utakatika kwenye pembe)
- Sindano za cherehani namba 16 au 18, angalau 3
- Guu la zipu, lenye ukucha mmoja
- Chaki ya fundi, pini, mkasi mkali, tepu, ubao ulionyooka wa mita 1, magazeti, pasi

Cherehani ya miguu ya kawaida, hata ile nyeusi ya Butterfly, inatosha. Haitaki haraka tu. Kwenye pembe nene zungusha gurudumu kwa mkono. Ukikanyaga, sindano inavunjika.

## Kuchagua kitambaa

Inua kitambaa kwenye mwanga. Ukiona vidole vyako upande wa pili, hicho ni cha pazia. Kisha kikunje mshazari na ukivute: kikipanuka sana na kisirudi, mto utafanya tumbo.

Vinavyofaa ni kanvasi, pamba nzito, mchanganyiko wa kitani na poliesta, na mahameli yenye mgongo mgumu. Vitambaa vya makochi mara nyingi huwa na alama ya Martindale, kipimo cha kustahimili msuguano. Kwa kiti cha kila siku tafuta kuanzia 20,000.

Kitenge na kanga ni vyepesi mno kwa kukalia. Kitenge cha rangi moja au cha maua madogo kinafaa sana kwa paipini, hasa kwenye kitambaa kilichopoa kama kijivu au kijani cha zeituni. Kijaribu kwanza: lowesha pembe, weka kitambaa cheupe juu, piga pasi. Cheupe kikitoka na rangi, hiyo paipini itaupaka mto siku ya kwanza ya kufuliwa.

Pamba na kitani vifue na kuvipiga pasi kabla ya kukata. Kamba ya pamba nayo iloweke kwenye maji ya moto na uikaushe. Isipoloweshwa, itajivuta ndani ya mkanda baada ya kufua, na paipini yote itajikunja.

## Hatua ya 1: Tikisa fremu kabla ya kununua chochote

Shika mikono miwili ya kiti, sukuma mbele na nyuma. Kikilia au kuyumba, viungo vimeachia.

Kipindue. Tafuta vitundu vidogo, na chini yake vumbi laini kama unga. Vitundu vikavu visivyo na vumbi ni makovu ya zamani. Vumbi jipya maana yake bungua bado wamo ndani, kwa hiyo tibu kwa dawa ya wadudu wa mbao kama kopo linavyoelekeza kabla ya kuendelea.

Angalia na kalio lenyewe, yaani sehemu ya fremu inayobeba mto. Kama ni fito, mwanya kati ya fito na fito usizidi sentimita 5, la sivyo sponji itazama humo na uso wa mto utaota mifereji. Kama ni mikanda ya raba, bonyeza katikati kwa kiganja. Mkanda unaozama na kurudi kwa uvivu ubadilishwe.

Wengi hufunika kalio kwa plaiwudi. Inakubalika, ila itoboe matundu mengi. Pwani, mto uliolala juu ya ubao usiopitisha hewa hushika ukungu.

## Hatua ya 2: Rudisha mbao

Kiungo kilicholegea usikipigilie msumari. Msumari unapasua ulimi uliomo ndani, na siku ya pili huna cha kugundisha.

Kichomoe taratibu. Kwangua gundi ya zamani mpaka uione mbao yenyewe, kwa sababu gundi nyeupe hunywewa na mbao na haishiki juu ya gundi kavu. Paka pande zote mbili, rudisha, kisha zungusha mpira wa tyubu ukiuvuta kwa nguvu. Futa gundi iliyotoka kwa kitambaa kibichi. Acha saa 24.

Piga msasa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao: 120, halafu 180, halafu 240. Usiruke namba, maana mikwaruzo ya 120 haifutwi na 240. Inajificha tu mpaka vanishi iifichue. Kwenye michongo tumia 180 iliyokunjwa, kwa mkono. Mashine inalamba michongo na kuacha mawimbi.

Vanishi ya kwanza ichanganye sehemu 4 kwa 1 ya tina ili izame. Ikikauka, pitisha msasa 240 kidogo, futa vumbi, kisha paka tabaka mbili nyingine zisizochanganywa sana. Fanya kazi penye hewa, mbali na jiko. Kama umetumia mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa ulivyopakia vitandaze nje vikauke. Vikirundikwa vyenye mafuta vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Vanishi isiyoshika kidole bado haijawa ngumu. Ipe siku 5 hadi 7 kabla ya kuiwekea mito, la sivyo nyuzi za kitambaa zitaganda juu yake. Siku hizo ndizo za kushona.

## Hatua ya 3: Pima fremu na utengeneze kiolezo

Sahau mto wa zamani. Utupe au uufungie stoo, usije ukaurudia.

Pima upana kati ya mkono na mkono mahali pawili: mbele na nyuma. Viti vingi vya zamani ni vipana mbele. Pima kina kutoka mgongo wa fremu hadi ukingo wa mbele. Halafu pima pembe kwa pembe, mara mbili. Vipimo viwili visipolingana, fremu imekaa upande.

Upana wa ndani ukiwa sentimita 57, mto uliokamilika uwe 56, ili uingie bila kusukumwa. Kina kikiwa 53, mto uwe 54: uzidi ukingo wa mbele kwa sentimita 1, usionekane umerudi nyuma. Ubavu, yaani ukanda wa kitambaa unaozunguka mto kati ya uso wa juu na wa chini, uwe na kimo cha 10.

Jambo moja linaloharibu kazi nyingi: sponji huuzwa kwa inchi, kitambaa kwa mita, na tepu ina pande mbili. Chagua sentimita, andika sentimita, na upande wa inchi ufunike kwa karatasi yenye gundi ikibidi.

Chora umbo kwenye magazeti yaliyounganishwa, kata, laza kwenye kiti. Hili ni umbo la mto uliokamilika, bila akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki nje ya uzi. Kila pembe iviringishe kwa kufuata kifuniko cha chupa ya soda. Pembe kali kabisa haifai, kwa sababu paipini haiwezi kukata kona ya nyuzi 90. Inajikusanya, na pembe zinachomoza kama masikio ya paka.

Utajua uko sawa gazeti likilala bila kupanda kwenye mkono wowote, na mwanya pembeni ukiwa nusu sentimita kila upande.

## Hatua ya 4: Sponji

Wauzaji hutaja majina mengi ya ubora, lakini sponji hupimwa kwa kilo kwa mita ya ujazo. Mto wa kukalia unataka 30 hadi 35, wa mgongo 20 hadi 25.

Huna haja ya kumwamini mtu. Kipande cha 57 × 55 × 10 cha sponji nzuri ya kukalia kina uzito wa karibu kilo 1. Kiweke kwenye mizani ya duka. Kikisoma gramu 600, hicho ni cha mgongo, na ukikikalia kitabonyea mapema.

Kata sponji kubwa kuliko kava kwa sentimita 1 upana na sentimita 1 kina: kava la 56 × 54 linapata sponji ya 57 × 55. Kubana huku ndiko kunakokivuta kitambaa kikanyooka. Sponji inayolingana na kava sawasawa italegea ikishakaliwa kidogo tu, na hiyo ndiyo mikunjo inayolalamikiwa.

Tumia kisu kirefu cha mkate, ukikishika wima. Kikilala, uso wa chini utatoka tofauti na wa juu. Dukani wana mashine. Waombe wakukatie, nenda na gazeti lako.

Vika pamba bandia tabaka moja: anzia nyuma, pita juu, shuka mbele, rudi chini. Shikiza ukingo wa nyuma kwa mishono mikubwa ya mkono. Pamba inajaza pembe na kuzuia kitambaa kisisuguane na sponji moja kwa moja.

## Hatua ya 5: Kukata

Akiba ya mshono ni sentimita 1.5 kila upande, pote. Chora kwa chaki upande wa ndani wa kitambaa na ukate vipande vikubwa kwanza.

Kwa mto wa kukalia wa 56 × 54 × 10:

- Juu na chini: vipande 2 vya 59 × 57
- Ubavu wa mbele na pembeni: kipande 1 cha 151 × 13
- Ubavu wa nyuma, wa zipu: vipande 2 vya 75 × 8.5
- Mkanda wa paipini: mshazari, upana 4.5, jumla mita 4.6

Ubavu wa zipu unazidi upana wa mto kwa makusudi: unapinda kona na kuingia pembeni sentimita 8 kila upande. Zipu inayoishia kwenye kona haitoi mlango wa kutosha, na sponji italazimishwa mpaka mshono upasuke.

Mtande wa kitambaa, yaani nyuzi zinazokwenda sambamba na ukingo wa jora, uelekee kutoka nyuma ya kiti kuja mbele. Kipande kilichokatwa upande upande kinavutika kwa namna yake, na mto unapinda hata kama vipimo ni sahihi.

Mahameli yana utaratibu wa ziada. Pitisha kiganja: upande mmoja manyoya yanalala, mwingine yanasimama. Kwenye mto wa kukalia yalale kuja mbele, kwenye mgongo yalale kwenda chini, na kwenye ubavu yalale kwenda chini pia. Ili kupata hilo, ubavu wa 151 ukate kwa vipande vitatu, kila kimoja na akiba yake ya mshono, na uviunge kwenye kona za mbele. Kipande kimoja kikigeuzwa kitaonekana cha rangi nyingine kabisa taa ikiwaka, na hakuna dawa ila kukata upya.

Kabla ya kutoa kitambaa mezani, weka alama ya chaki katikati ya kila upande wa kila kipande. Alama 4 juu, 4 chini, na katikati ya kila ubavu. Zinachukua dakika 5. Wanaoziruka ndio wanaopata mto uliojisokota.

## Hatua ya 6: Paipini

Paipini ndiyo kola ya suti hii. Ikikaa sawa, hata kitambaa cha bei ndogo kinasimama.

Mkanda ukatwe mshazari, nyuzi 45 kutoka ukingo wa jora, kwa sababu hapo ndipo kitambaa kinapokubali kupinda kona bila kukunjamana. Mraba wa sentimita 50 kwa 50 hutoa takriban mita 5, unaotosha mto mmoja.

Kuunga vipande: vilaze viwili kwa umbo la msalaba, uso kwa uso, shona mshazari, kata ziada, fungua mshono kwa pasi. Ukiunga kwa mshono wa moja kwa moja, unene wote unakusanyika mahali pamoja na unaonekana kama kifundo.

Laza kamba katikati, kunja, weka guu la zipu. Shona ukiacha milimita 1 hadi 2 kutoka kwenye kamba, usiibane kabisa. Mshono wa mwisho utapita karibu zaidi na kuuficha huu wa kwanza. Ukibana sasa, uzi huu utachungulia nje baadaye.

Usivute mkanda. Uache uingie kwa mwendo wa meno ya cherehani. Mkanda uliovutwa unarudi baada ya kushonwa, na hapo ndipo nyoka anapozaliwa.

Sasa ishone kwenye kipande cha juu na cha chini. Anza katikati ya upande wa nyuma, kamwe usianze mbele wala kwenye kona, na uache mkia wa sentimita 5. Urefu wa mshono uwe milimita 3.5, sawa na mishono 7 hivi kwa inchi. Ukikaribia kona, chanja akiba ya paipini mara 3 au 4, ukiishia milimita 2 kabla ya uzi. Mkanda utafunguka kama kipepeo na kuipinda kona bila kubishana nawe.

Ukirudi ulikoanzia: fumua sentimita 3 za mkanda, kata kamba mbili zikutane pua kwa pua bila kupandana, kunja ncha moja ya mkanda ndani, ifunike nyingine, shona.

Ishara ya kufaulu: kipande kikilazwa mezani kinalala bapa. Pembe zikiinuka kama sahani, paipini ilivutwa. Fumua upande huo tu.

## Hatua ya 7: Zipu na ubavu

Kwenye kila kipande cha 75 × 8.5, kunja sentimita 2 za upande mmoja mrefu na upige pasi. Mikunjo miwili ikutane katikati ya zipu, ikifunika meno. Piga bandi kwanza (mishono mikubwa ya muda), halafu shona kila upande, milimita 6 kutoka kwenye mkunjo. Ingiza kichwa cha kuburutia, kisha shona ncha zote mbili za zipu mara kadhaa ili kichwa kisitoroke. Unapata ubavu wa 75 × 13.

Sasa inakuja hesabu ambayo karibu kila mtu huisahau. Mzunguko wa mstatili wa 56 × 54 ni 220, lakini pembe umeziviringisha, na kila pembe imekula zaidi ya nusu sentimita. Mzunguko halisi ni karibu 217.5. Ukiunga ubavu wote kwa 220, utakuwa na sentimita 2.5 za ziada zisizo na pa kwenda. Zitajikunja kwenye kona ya mwisho.

Kwa hiyo usifunge mduara wa ubavu mapema. Bana katikati ya zipu kwenye alama ya nyuma, bana katikati ya ubavu mrefu kwenye alama ya mbele, zungusha pande zote kwa pini, na uone ncha zinakutana wapi. Punguza nusu ya ziada kila upande. Hapo ndipo unaunga.

## Hatua ya 8: Kuunganisha

Bana ubavu kwenye kipande cha juu, uso kwa uso, paipini ikiwa katikati. Kwenye kila kona chanja ubavu mara 2 au 3, kina cha sentimita 1, ili ufunguke. Shona ukiwa na upande wa paipini juu, uone uzi wa kwanza na upite ndani yake kidogo, karibu na kamba. Kwenye kona simamisha sindano ndani ya kitambaa, inua guu, geuza kitambaa kidogo, shusha, shona mishono miwili, rudia.

Kabla ya upande wa pili, fanya mambo mawili.

La kwanza: kwa ubao na chaki, kutoka katikati ya kila kona ya juu chora mstari ulionyooka kuvuka ubavu mpaka ukingo wa chini. Mistari hii 4 ndiyo itakutana na kona za kipande cha chini. Bila mistari hiyo cherehani husukuma tabaka la juu mbele kidogo kidogo, na ukifika mwisho kona ya juu na ya chini zimepishana kidole kizima. Hakuna pasi inayotibu mto uliojisokota.

La pili: fungua zipu. Ukishona upande wa pili zipu ikiwa imefungwa, umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Bana, shona, kisha geuza ukague kabla ya kukata chochote. Mahali uzi wa kwanza unapochungulia, rudi ndani upitishe mshono mwingine karibu zaidi na kamba. Ukiridhika, punguza unene kwenye kona, na kama kitambaa kinachanika nyuzi, zungushia zigizaga ukingoni, ikiwa cherehani yako inaishona.

Mto wa mgongo ushone vilevile kwa vipimo vyake. Zipu yake ikae chini, isikae juu wala pembeni.

## Hatua ya 9: Kuvika

Sponji yenye pamba haitelezi, inashika kitambaa na kujikunja ndani. Enzi za rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, mafundi waliivika mfuko kwanza. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini nailoni iliyofungia sponji yenyewe dukani inatosha. Izungushie sponji, ikunje katikati, ingiza pembe mbili za mbele kwanza, iachie ifunguke, kisha chomoa nailoni. Usiiache ndani: mto utakuwa unapiga kelele na kutoa jasho.

Ingiza mkono, sukuma pamba mpaka ijaze kila pembe. Elekeza akiba yote ya mshono upande wa ubavu. Hii ndiyo siri ya mstari wa paipini kusimama. Akiba ikilala huku na kule, paipini nayo inalala.

Funga zipu. Ikikataa kabisa, usilazimishe: punguza sponji nusu sentimita upande wa nyuma.

Weka kwenye fremu, rudi nyuma hatua tatu. Paipini ya mbele iwe sambamba na mbao ya mbele. Bonyeza katikati kwa kiganja, achia. Kitambaa kirudi bila alama. Mikunjo miwili mitatu mshazari ikibaki kwenye kona, pamba haijafika. Mikunjo ya kukatiza katikati ya uso ni kava kubwa: usifumue, ongeza tabaka la pili la pamba juu.

## Kiti kikisharudi sebuleni

Vitambaa vya kufuma vya mama havitaki kutupwa, ila si pa kuvilaza hapa. Kwenye mgongo wa kiti hiki vinaficha paipini uliyoihangaikia siku mbili. Kimoja kilichofuliwa na kunyooshwa kwa wanga kikae kwenye meza ndogo ya pembeni, chini ya taa, na hapo kinapendeza kuliko kilivyokuwa.

Mto mdogo wa kuegemea uwe mmoja kwa kiti, wa rangi ya paipini. Miwili ni mingi kwa upana wa 56.

Kila wiki geuza mto wa kukalia juu chini, na kila unapofua, vua kava zipu ikiwa imefunguka yote, fua kwa maji baridi, anika kivulini, na ulirudishe kwenye sponji likiwa na unyevu kidogo sana. Litakaukia kwenye umbo. Mahameli peke yake yasubiri yakauke kabisa, kisha yapigwe brashi kufuata yanakolala.